Kutoka Ghala la Mbata hadi Nyumba ya Familia: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mji Mkongwe, Zanzibar

Kisa hiki kinahusu ghala la mawe lililomo ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambalo familia moja iliamua kuligeuza kuwa nyumba ya kuishi. Nilishiriki nikiwa msimamizi wa kazi kwa upande wa familia, kuanzia ukaguzi wa awali hadi misimu ya mvua iliyofuata baada ya watu kuhamia. Jina la mtaa, majina ya wahusika na baadhi ya vipimo vimeondolewa au kubadilishwa ili jengo lisitambulike, lakini mambo ya kiufundi yameachwa kama yalivyokuwa.

Mazungumzo mengi kuhusu majengo ya kale ya pwani huishia kwenye swali la chokaa au saruji. Swali hilo ni la lazima, na limejadiliwa humu pia. Hata hivyo, jambo lililoamua faida na hasara katika kazi hii lilikuwa mpangilio wa kazi zenyewe: ipi itangulie, ipi ingoje, na nani atathubutu kusema kwamba ukuta haujakauka ilhali wenye nyumba wanaendelea kulipa kodi ya pango kwingine.

## Jengo na wenyewe

Ghala lilikuwa ukumbi mmoja mrefu, wenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 18 hivi. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake ukiwa kati ya sentimeta 50 na 60, na kimo chake kikikaribia mita 6. Halikuwa na ghorofa. Boriti ya mkoko kwa kawaida huvuka upana wa mita mbili na nusu hadi tatu tu, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba. Ghala lilihitaji nafasi pana zaidi ya hapo, kwa hiyo walioliasisi hawakutumia boriti bali waliezeka kwa mabati juu ya kenchi za mbao, zikiegemea kuta za pande mbili na safu ya nguzo za mawe katikati. Upande wa mtaani palikuwa na mlango mkubwa wa mbao wenye mabawa mawili. Juu kabisa ya kuta palikuwa na madirisha madogo yenye vyuma. Nyuma kulikuwa na ua mdogo wenye birika la kale la maji ya mvua lililojaa kifusi.

Kwa mujibu wa wazee wa familia, humo mlihifadhiwa mbata, yaani nazi kavu, na karafuu, kisha papa na ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na katika miaka ya karibuni pakawa karakana ya seremala. Historia hiyo ya bidhaa ina uzito wa kiufundi, kwa sababu mafuta ya mbata yaliingia sakafuni na chumvi ya samaki ikaingia sehemu ya chini ya kuta, na vyote viwili vilikuja kutusumbua baadaye.

Ghala halikuwamo miongoni mwa majengo yaliyotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, wala halikuwa wakfu. Lilibaki katika mikono ya familia na kurithiwa. Warithi walikuwa wengi, baadhi wakiwa Mombasa na mmoja Muscat, Oman. Mirathi ilibidi imalizwe kwanza. Aliyeko Muscat alikubali kugharimia sehemu kubwa ya ukarabati, na wenzake wakakubaliana kwamba ndugu yao aliyebaki Unguja aishi humo pamoja na mkewe, watoto wao wanne na mama yake mzazi, ambaye katika maandishi haya nitamwita Bi Mkubwa kama alivyoitwa na kila mtu kazini. Makubaliano hayo yaliandikwa kabla jiwe halijaguswa. Nayataja kwa sababu nimeona majengo mazuri ya Mji Mkongwe yakiporomoka polepole, kila mrithi akingoja mwenzake atoe fedha.

## Hali tuliyoikuta

Mabati yalikuwa yametoboka katika maeneo kadhaa, na milizamu, yaani mifereji ya kukinga maji ya paa, haikuwepo kabisa, hivyo maji ya paa yalimwagika moja kwa moja kwenye shina la ukuta wa kaskazini na kuchimba mfereji pembeni mwa msingi. Mti ulikuwa umeota juu ya ukuta huo na kupenyeza mizizi katikati ya mawe. Nguzo za mawe zilikuwa wima. Tulizipima kwa timazi na tukaridhika. Kenchi mbili kati ya tisa zilikuwa zimeliwa na mchwa kwenye ncha zilizoingia ukutani, mahali ambapo mbao huwa na unyevu daima.

Kilichonitia wasiwasi zaidi kilikuwa kitu kilichoonekana safi kuliko vyote. Mpangaji mmoja wa zamani, kwa nia njema ya kuficha unyevu, alikuwa amepiga lipu ya saruji ndani na nje hadi kimo cha mita moja na robo, kisha akamwaga sakafu ya zege juu ya ile ya zamani. Juu ya mstari wa saruji ukuta ulikuwa umelowa, umefanya ukungu na kutoa unga mweupe wa chumvi. Maelezo yake ni mepesi. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini kupitia matundu madogo ya mawe na chokaa, na katika hali ya kawaida maji hayo hutoka kwa kuvukizwa na hewa karibu na ardhi. Lipu ya saruji huziba njia hiyo, kwa hiyo maji hupanda hadi yapate pa kutokea, yakibeba chumvi. Sakafu ya zege nayo ilizuia unyevu usitoke chini na kuusukuma pembeni, kwenye kuta. Mpangaji yule alitibu dalili, na ugonjwa ukapanda juu kwa zaidi ya mita moja.

## Mpango wa kwanza na kwa nini uliachwa

Mchoro wa kwanza uliofikishwa kwa familia na mkandarasi mmoja ulipendekeza sakafu mbili za zege zenye unene wa sentimeta 15, zikibebwa na mihimili itakayochimbiwa ndani ya kuta za zamani, na matangi ya maji juu ya paa la zege. Familia iliupenda, kwa kuwa ulitoa vyumba sita na ulionekana imara.

Tulipiga hesabu mbele ya familia. Mita ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban kilo 2,400, hivyo mita moja ya mraba ya sakafu ya sentimeta 15 ni kilo 360. Kwa sakafu ya mita za mraba 100 ni tani 36, kabla ya viambaza, fanicha na watu, na mpango ulitaka sakafu mbili kisha paa la zege juu yake. Ni kweli kwamba sakafu ya kale ya boriti, mawe na chokaa yenye unene wa sentimeta 40 inaweza kuwa nzito kuliko hiyo, na mkandarasi alilisema jambo hilo kwa haki. Lakini nyumba zenye sakafu hizo zilijengwa tangu mwanzo kubeba mzigo huo, ukisambazwa na boriti nyingi zilizo karibu karibu kwenye urefu wote wa ukuta. Ukuta wa ghala letu haukuwahi kubeba chochote isipokuwa mabati na kenchi. Mzigo wote ungekuwa mpya, na ungeshuka kwenye sehemu chache za mihimili, juu ya ukuta uliolowa.

Kulikuwa na tatizo la pili, la nondo. Chumvi iliyomo ndani ya mawe na katika hewa ya bahari huifikia nondo, na kutu inayoota huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ikalipasua zege kutoka ndani. Yeyote anayepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe ameshaona vibaraza vya zege vilivyoongezwa kwenye nyumba za mawe, vikiwa vimepasuka na nondo zikiwa nje.

Zaidi ya hayo, Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi yoyote inayogusa umbo la jengo huhitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kuinua kimo cha jengo na kubadili uso wake wa mtaani hakukuwa na matumaini ya kukubaliwa. Pia, watu walikuwa bado wanazungumzia kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kongwe la kifalme la Mji Mkongwe, tarehe 25 Disemba 2020, ambako watu wawili walifariki wakati ukarabati ukiendelea. Sidai kwamba visa hivyo vinafanana. Ninachosema ni kwamba Bi Mkubwa, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, aliuliza kama mafundi wangekuwa chini ya ukuta wakati wa kuchimba matundu ya mihimili, na baada ya jibu la ndiyo hakuna aliyetaka kuurudia mchoro ule.

## Mfuatano wa kazi

Uamuzi uliochukua nafasi yake ulikuwa huu: paa kwanza, maji ya mvua pili, kuta tatu, na vyumba mwisho kabisa. Familia ilitaka angalau chumba kimoja na choo vikamilike mapema ili wahamie na kuokoa kodi. Tulikataa, na ndilo jambo lililoleta mvutano mkubwa kuliko lolote. Sababu yetu ilikuwa kwamba chumba kilichokamilika kingetegemea ukuta wa zamani, na lipu, rangi na fanicha vingeufunika ukuta huo kabla haujakauka.

Kazi ya paa ilianza mara baada ya vuli na kukamilika kabla ya masika. Kenchi saba zilibaki. Mbili zilizoliwa zilikatwa ncha na kuungwa mbao mpya za mninga, zikaketishwa juu ya kipande cha jiwe na kuachiwa nafasi ya hewa pembeni badala ya kuzikwa ukutani. Mizizi ya mti ilitolewa jiwe kwa jiwe, na sehemu ile ya juu ya ukuta ikajengwa upya kwa chokaa.

Milizamu ilipewa uzito ambao familia haikuutarajia. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa hili lilikuwa na karibu mita za mraba 150, kwa hiyo mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa siku moja ya masika, huleta lita 7,500. Kwa miaka mingi maji hayo yote yalikuwa yakimiminika kwenye shina la ukuta. Tuliweka milizamu mipana pande zote mbili, tukaielekeza kwenye birika la uani lililofukuliwa na kupigwa lipu upya, na ziada yake ikapelekwa kwenye mfereji wa mtaa. Hadi leo naamini kwamba hakuna shilingi iliyotumika vizuri zaidi katika jengo lile.

Kisha saruji ikabanduliwa. Fundi mkuu, mzee aliyejifunza kazi ya chokaa kwa baba yake, hakuruhusu mashine. Ilitumika nyundo ndogo na patasi, kwa sababu lipu ya saruji hushikamana na jiwe la tumbawe kwa nguvu kuliko jiwe linavyojishikilia lenyewe, na ikivutwa kwa pupa huondoka na uso wa ukuta. Sakafu ya zege ilivunjwa pia. Chini yake tulikuta sakafu ya zamani ya chokaa iliyonywea mafuta ya mbata kiasi kwamba maji yalitelezea juu yake. Chokaa mpya isingeshika hapo. Tabaka hilo lilichimbwa na kutolewa, mahali pake pakawekwa mawe madogo, kisha chokaa iliyochanganywa na kokoto za matofali yaliyosagwa.

Baada ya hapo kazi ya kuta ilisimama. Wahifadhi wa majengo hutumia makisio kwamba ukuta wa mawe hukauka kama sentimeta mbili na nusu kwa mwezi. Ukuta wa sentimeta 50 unaokauka kutoka pande zote mbili una sentimeta 25 kila upande, yaani miezi 10, na hayo ni makisio yaliyotokana na nchi zisizo na unyevu wa hewa kama wa Unguja. Tulipima kwa njia rahisi: karatasi ya nailoni ilibandikwa ukutani kwa gundi pande zote na kuangaliwa asubuhi, matone yakionekana upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji. Mwana wa Bi Mkubwa, yule ambaye angeishi humo, alikuja mara kwa mara kuuliza kama lipu inaweza kuanza. Siku moja fundi mkuu hakumjibu yeye, bali alimgeukia mama yake: "Bi Mkubwa, mimi sipaki kitu juu ya ukuta unaotoka jasho." Bi Mkubwa akasema wasubiri, na mjadala ukafungwa.

Katika kipindi hicho ndipo chumvi ilipojitokeza. Ukuta ukikauka, maji huondoka na chumvi hubaki juu ya uso, ikiganda na kuchubua jiwe. Tulipiga lipu ya muda, nyepesi, yenye mchanga mwingi na chokaa kidogo, ili chumvi igande ndani ya lipu hiyo badala ya kuganda ndani ya jiwe. Baada ya miezi kadhaa ilibanduliwa na kutupwa nje ya eneo, na ikapigwa nyingine. Kwa mtazamaji wa kawaida ilionekana kama kazi ya kufanya na kubomoa, na majirani walisema hivyo waziwazi. Kuta tatu zilitulia baada ya lipu ya pili. Ukuta wa kaskazini haukutulia.

Wakati huo huo chokaa ya kudumu ilikuwa ikiandaliwa. Mawe ya matumbawe huchomwa hadi joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi ili hewa ya ukaa itoke; yakimwagiwa maji huchemka na kuzimika yakawa uji mweupe; na uji huo ukishapakwa ukutani hurudisha hewa ya ukaa polepole kutoka angani na kuwa jiwe tena. Chokaa yetu ilizimwa na kuachwa shimoni, ikifunikwa kwa maji, katika muda wote wa kusubiri kuta. Fundi alisema ndiyo chokaa laini kuliko zote alizopata kushika, na lipu haikupasuka hata mahali pamoja kwenye kuta tatu hizo.

## Kiunzi kinachosimama chenyewe

Vyumba vya juu vilijengwa ndani ya ghala kwa kiunzi cha mbao kisichoegemea kuta za zamani. Nguzo za mninga zilisimamishwa juu ya misingi midogo ya zege iliyochimbwa umbali wa zaidi ya nusu mita kutoka ukutani, kila nguzo ikishikwa na chuma kilichopakwa zinki ili mbao isiguse sakafu. Kati ya sakafu ya juu na ukuta wa zamani kuliachwa nafasi ya upana wa kiganja, hewa ipite kutoka chini hadi darini na ukuta uendelee kupumua upande wa ndani.

Tulifikiria pia chuma kitupu na boriti za mkoko. Chuma kilikataliwa kwa sababu ya hewa ya bahari na matunzo yake ya kila mara. Boriti zilikataliwa kwa sababu mbili: upana mdogo zinaoweza kuvuka ungelazimisha nguzo nyingi mno katikati ya ukumbi, na ukataji wa mikoko umedhibitiwa kwa sababu nzuri. Pale ambapo boriti za kale zinahitaji kubadilishwa ndani ya nyumba ya kale, ningezitafuta kwa njia halali na kuzitumia. Kwa jengo ambalo halikuwahi kuwa nazo sikuona haja.

Mabomba, vyoo na bafu vyote viliwekwa kwenye mstari mmoja, cha juu juu ya cha chini, ndani ya kiunzi kipya na mbali na kuta. Hakuna bomba wala waya uliochimbiwa kwenye jiwe; umeme ulipita katika mirija iliyo wazi pembezoni mwa nguzo. Matangi yalikaa uani, juu ya jukwaa lake, na pampu ndogo hupandisha maji. Mrithi wa Muscat, alipoona picha, alidhani kazi haijakwisha kwa sababu mabomba yalionekana. Alielezwa kwamba bomba linaloonekana, likivuja, litaonekana siku hiyo hiyo, na lililozikwa ukutani litaonekana baada ya mwaka, kwa umbo la doa.

## Sitara na joto

Mchoraji wa ramani ya nyumba alikuwa kijana hodari aliyevutiwa na ukumbi mpana ulio wazi kutoka mlangoni hadi uani, jiko, meza na viti vikiwa mahali pamoja, na vyumba vya juu vikitazama chini kupitia uzio wa mbao. Picha zake zilipendeza sana. Lakini nyumba ya pwani huanza na sitara: mgeni anayebisha hodi na kufunguliwa mlango hapaswi kuona jiko wala wanawake wa nyumba kabla hajakaribishwa, na ndiyo maana nyumba za kale zina daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, na baraza, na ukumbi wa ndani hauelekeani na mlango. Mke wa mwana wa familia aliulizwa maoni yake mara moja tu, katika kikao kilichojaa wanaume, na akasema kwamba hana neno. Baada ya kuhamia, neno lilipatikana. Ndani ya mwezi wa kwanza mapazia mazito yalikuwa yametundikwa sehemu tatu, yakakata mwanga na hewa, na hatimaye kikajengwa kiambaza cha mbao mbele ya mlango pamoja na chumba kidogo cha wageni pembeni mwake.

Joto lilikuwa tatizo jingine. Chini, kuta nene na kimo kirefu viliifanya sebule na chumba cha Bi Mkubwa kuwa baridi hata wakati wa kaskazi. Juu, karibu na mabati, hali ilikuwa tofauti. Dari ya mbao iliwekwa chini ya mabati kwa nafasi ya hewa kati yake, lakini matundu ya kutolea hewa ya moto kileleni yalikuwa madogo mno, na vyumba vya watoto havikulalika kuanzia Disemba hadi Machi. Matundu yaliongezwa na madirisha ya juu ya zamani, yaliyokuwa yamezibwa kwa mbao, yakafunguliwa. Hali imekuwa nafuu. Siwezi kusema kwamba vyumba vile ni vya baridi.

## Matokeo

Familia inaishi humo. Kuta tatu ni kavu, na karatasi ya nailoni imebaki bila matone hata baada ya masika. Kiunzi hakijasogea, na nyufa zilizowekwa alama ukutani kabla ya kazi hazijaongezeka. Birika hujaa wakati wa mvua, na hivyo kupunguza maji yanayonunuliwa.

Muda wote kuanzia paa hadi kuhamia ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule uliotajwa na mkandarasi wa kwanza. Gharama ya vifaa na mafundi ilikuwa chini ya makisio yake, lakini ukijumlisha kodi ambayo familia ililipa kwingine wakati wa kusubiri, tofauti inakuwa ndogo sana. Ni haki kuisema hesabu hiyo wazi, kwa sababu anayeshauriwa kutumia chokaa mara nyingi huambiwa bei ya chokaa tu.

Chumba kimoja cha chini kiliharibika baada ya makabidhiano. Kwa ajili ya harusi ya binti, familia ilimleta mpakaji aliyefunika niru, yaani chokaa ya kupaka juu ya lipu, kwa rangi ya plastiki inayong'aa. Masika iliyofuata rangi ilivimba mapovu na kubanduka pamoja na uso wa lipu. Ilikwanguliwa, ukuta ukaachwa upumzike, na niru ikapigwa upya.

## Uchambuzi

Mpangilio wa kazi ndio uliofanya kila kitu kingine kiwezekane. Iwapo tungetumia chokaa ile ile, fundi yule yule na mbao zile zile, lakini tukaanza na vyumba, tungekuwa tumeifungia ndani ya nyumba miaka mingi ya maji ya mvua. Nimeona majengo yaliyotengenezwa kwa chokaa safi kabisa yakilaumiwa kwamba "chokaa haifai" wakati milizamu yake haikuwepo. Chokaa haizuii maji yanayomwagwa juu yake kila masika. Huruhusu tu kiasi cha kawaida kiingie na kutoka.

Kusubiri kuliwezekana kwa sababu mbili ambazo hazihusiani na ufundi. Ya kwanza ni makubaliano ya warithi, yaliyomwezesha mgharimiaji kutoa fedha kwa vipindi virefu bila hofu ya kesi. Ya pili ni Bi Mkubwa. Katika familia hiyo neno lake lilikuwa la mwisho, na fundi mkuu alilijua hilo kuliko mimi; alimweleza yeye, kwa heshima na kwa maneno mafupi, na mwana akatii. Msimamizi anayeingia katika nyumba ya familia akiwa na mchoro na ratiba peke yake, bila kujua ni nani anayesikilizwa, atapoteza mvutano wa kwanza kuhusu muda, na katika majengo haya mvutano wa kwanza kuhusu muda ndio wenye gharama kubwa.

Kiunzi cha kujitegemea kilifaa kwa sababu kiliruhusu kazi mbili kwenda kwa kasi tofauti. Nguzo na sakafu za juu zilijengwa wakati kuta bado zinakauka, bila moja kuiharibu nyingine. Pia kinaweza kuondolewa siku moja bila kuacha tundu hata moja ukutani, jambo ambalo wakaguzi wa kibali walilipa uzito mkubwa.

Upungufu mkubwa ulikuwa katika mpango wa ndani. Tulitumia miezi kuusikiliza ukuta na jioni moja tu kumsikiliza mwanamke atakayepika na kupokea wageni humo, tena mahali ambapo hakuweza kusema. Kiambaza na chumba cha wageni viligharimu zaidi kuliko vingegharimu vikiwa kwenye mchoro, na mwanga uliopotea katikati ya ukumbi haukurudi wote. Mazungumzo ya aina hiyo hufanyika na wanawake peke yao, ndani ya nyumba wanayoishi sasa, jikoni ikiwezekana, na hufanyika kabla ya mchoro wa kwanza.

Kuhusu joto la juu, makisio ya matundu yalifanywa kwa mazoea ya nyumba za kawaida za mabati, ambazo zina madirisha mapana pande zote. Ghala lina madirisha machache, na sheria za uhifadhi haziruhusu kufungua mengine upande wa mtaani, hivyo njia ya hewa kutoka juu ndiyo ilipaswa kuwa kubwa kuliko kawaida.

Tukio la rangi linaonyesha pengo katika makabidhiano. Familia ilipewa funguo, michoro na risiti, lakini haikupewa maelezo ya maandishi kuhusu nini kisipakwe ukutani. Baada ya hapo iliandikwa karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, na nakala yake ikapelekwa Mombasa na Muscat: milizamu isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli, ukuta upakwe chokaa tu, udongo wa uani usipandishwe juu ya kimo cha sakafu ya ndani, mmea wowote utakaoota ukutani ung'olewe ukiwa mchanga, na bomba lolote jipya lipite kwenye kiunzi.

Ukuta wa kaskazini umepigwa lipu ya muda ya tatu. Chumvi inayotoka ni kidogo kuliko ya awali, lakini inatoka, na dhana yangu ni kwamba papa na ng'onda walirundikwa upande huo kwa miaka mingi zaidi kuliko wazee wanavyokumbuka. Familia imeweka viti na kabati mbali nao kwa nusu mita, na lipu ya kudumu itapigwa pale tabaka la muda litakapopita masika nzima bila kutoa unga.